Utepe Juu ya Mtama

Sauti ile niliisikia kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimetoka Juba, nimechelewa mazishi ya mama kwa sababu ya magari na vibali, na nilipoingia bomani kwetu nje kidogo ya mji wa Busia nikakuta shamba lake la mtama limemwagwa changarawe na kugeuzwa yadi. Malori yalikuwa yamepangwa juu yake, pua kwa mkia, yakisubiri zamu ya kuvuka mpaka. Kuizunguka yadi hiyo mdogo wangu wa kiume alikuwa amefunga utepe wa plastiki, ule wa mistari myekundu na myeupe, kutoka nguzo hadi nguzo. Upepo ukapita, utepe ukavuma. Ilikuwa sauti nyembamba ya puani, kama mtu anayetaka kusema jambo na mdomo wake umefumbwa.

Nikakaa juu ya begi langu. Wakati huo huo simu ikatetemeka mfukoni ikanikaribisha Uganda. Kaburi la mama lilikuwa pale mbele yangu, udongo bado mwekundu, upande wa Kenya, mahali nilipozaliwa, na mnara wa ng'ambo ukaniona mimi mgeni. Nikaizima.

Mimi si mtu wa kukaa. Nimepika katika hoteli za Eldoret na Nakuru, nimeuza mitumba Kampala, nimeishi Kigali, Juba nimeenda na kurudi. Kila ninapofika huanza kuuliza barabara inayotoka. Mama aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba nina miguu ya baba. Hakuwa akinisifu.

Baba alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Ninyi mliokulia kando ya barabara ile mnawakumbuka matanboi wa wakati wetu, wanaume waliolala chini ya malori, waliopika ugali kati ya magurudumu, walionuka dizeli na vitunguu. Harufu hiyo ndiyo ninayoijua kama baba, zaidi ya uso. Alikuwa akipita nyumbani lori lilipokwama kwenye foleni ya Busia au ya Malaba, anakaa hadi karatasi za mzigo zikamilike, kisha anaondoka. Safari moja lori lilirudi bila yeye. Dereva alituambia kwamba amepata kazi ya gereji Kasese, mbali kule magharibi ya Uganda, na kwamba anatusalimu sana. Mama wakati huo alikuwa mjamzito.

Simu haikuwepo mkononi mwa mtu yeyote tuliyemfahamu. Kilichokuwepo ni kaseti. Karibu na foleni ya malori palikuwa na kibanda cha fundi wa redio aliyeitwa Sande, na Sande alikuwa na redio kubwa yenye kurekodi. Unaketi kwenye kreti ya soda, anabonyeza, unasema na mtu wako. Ukimaliza, kaseti inafungwa kwa nailoni na kukabidhiwa dereva anayekwenda upande huo. Baada ya majuma inarudi na majibu. Kwa kuwa kaseti zilikuwa adimu, watu wengi walitumia moja tu kwenda na kurudi. Mume alirekodi juu ya sauti ya mke, mke akarekodi juu ya sauti ya mume. Kila aliyesema alimfuta mwenzake. Hakuna aliyeona ubaya, ndivyo ilivyokuwa.

Yetu ilikuwa kaseti ya kwaya, kona moja imevunjika. Sande aliziba vitundu vya juu kwa vipande vya karatasi ya gundi ili ikubali kurekodiwa. Ujumbe ulipokwisha, kwaya ilirudi ghafla katikati ya wimbo, sauti za juu zikiita haleluya, na watu walicheka kila mara. Maana hapakuwa na siri pale kibandani. Hatukuwa na redio nyumbani, na wengi hawakuwa nayo, kwa hiyo majibu ya kila mtu yalisikilizwa hadharani, wauza ndizi na wabadilisha pesa na matanboi wakiwa wamesimama pembeni kama watu walioalikwa.

Mdogo wangu alizaliwa wakati mtama unachanua, na tangu alipofungua mdomo hakuufunga. Alilia akinyonya, akalia akibebwa, akalia hadi sauti ikawa ya kukwaruza. Walimpeleka hospitali ya misheni Nangina. Huko hawakuona homa wala kidonda, wakampa dawa ya tumbo. Akaendelea. Alikonda mpaka mishipa ya kichwa ikaonekana ikipigapiga chini ya ngozi. Mimi nilikuwa darasa la pili na kazi yangu ilikuwa kumbeba mgongoni nikizunguka boma. Nilimhisi akipungua uzito siku hadi siku, kama gunia linalovuja.

Kukhu, mama mzazi wa baba, ndiye aliyesema kilichokuwa wazi kwa kila mtu. "Mtoto huyu analilia jina."

Kwetu mtoto akilia bila ugonjwa huwa kuna marehemu anayetaka kukumbukwa. Anaitwa majina ya waliotangulia, moja moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Kukhu alimketisha mapajani akamwita Wandera, akamwita Ouma, akamwita Makokha, majina ya ndugu zake na ya wajomba. Mtoto akalia. Likabaki jina moja, na hilo Kukhu hakuweza kulitamka. Lilikuwa la mume wake. Mama naye hakuweza, lilikuwa la baba mkwe wake, na mke wa boma hataji jina la baba mkwe hata akiota. Wapita njia wote walisema wanakwenda kwa Egesa. Mama alisema anakwenda nyumbani.

Mimi sikuwa na mwiko, mjukuu hana. Nililisema. Nililisema mara nyingi nikiwa nimembeba, sikioni kwake. Kukhu aliponisikia alinicheka. "Wewe kwani ni nani? Jina la mwenye boma linatolewa na mwanawe." Na mwanawe alikuwa mmoja. Walikuwepo wazee wengine wa ukoo, lakini Kukhu alishikilia kwamba baba wa mtoto yu hai, hawezi kwenda kuazima mdomo wa mtu.

Basi tukaenda kwa Sande.

"Mama Nabwire, ongea hapa karibu," Sande alisema, maana Nabwire ni mimi. "Na usiipigie kelele, si ng'ombe."

Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani. Alisema Kiswahili, ingawa na baba hawakuzungumza Kiswahili hata siku moja, na mimi nikaamini kwamba mashine haikujua lugha yetu. "Baba Nabwire, hujambo. Sisi hatujambo. Mtama ni mzuri mwaka huu, ila ndege ni wengi. Mtoto ni wa kiume." Akanyamaza. Utepe ukazunguka ukirekodi kunyamaza kwake.

Kukhu akamsukuma mtoto mbele ya redio. "Msikie! Unamsikia? Anamtaka baba yako. Sema jina, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukichelewa utakuja kuita kaburi."

Mtoto akalia ndani ya mashine kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mama mmoja aliyeuza omena, dagaa wa ziwani kutoka Osieko, alijiziba masikio. "Huyo atavunja redio ya watu! Sande, huyo mlipishe mara mbili!" Wakacheka, hata mama yangu akacheka kidogo. Kaseti ikaenda na lori la sabuni.

Majuma yaliyofuata nayakumbuka kwa harufu ya matapishi ya maziwa kwenye sweta langu la shule. Mama aliacha kwenda sokoni. Kila lori lililotoka Uganda lilipopiga breki, Kukhu alisimama. Mimi niliacha kumwita mtoto jina lolote, nikaogopa kwamba nikikosea nitaharibu. Alikuwa mtoto tu, kitu kidogo cha moto kilicholia.

Kaseti ilirudi mchana wa siku ya soko. Dereva aliinama dirishani, akamwita mama kwa mazoea ya kule alikotoka. "Nyabo! Mzigo wako wa Kasese." Tulikimbia, mama na mtoto, Kukhu na fimbo yake, mimi mbele. Sande alikuwa akichomelea redio ya mtu mwingine, akaiweka kando. Watu wakasogea kama kawaida, na mama wa omena aliacha besheni yake kwa nzi.

"Hallo, hallo. Mama, mulembe. Mama Nabwire, mulembe." Ilikuwa sauti ya baba, ile yenye mchanga ndani yake. "Mimi niko salama. Kazi iko, tatizo ni spea. Nimesikia hiyo habari ya mtoto. Hiyo mambo ya jina, mimi nitakuja niitoe mwenyewe. Si kitu ya kutuma na dereva. Nikipata nafasi, labda mwisho wa..."

Hapo mtoto akalia. Si mdogo wangu. Kilio kilitoka ndani ya redio, kwa mbali kwanza, kisha karibu.

"Ngoja kidogo," baba akasema. Kiti kikakwaruza sakafu. Sauti yake ikaenda pembeni, ikawa laini, sauti ambayo mimi sikuwa nimewahi kuisikia akiitumia. "Egesa. Egesa, baba. Tulia. Tulia, mzee wangu."

Kilio ndani ya redio kikanyamaza. Na mapajani mwa Kukhu, mdogo wangu, aliyekuwa akilia tangu nyumbani, naye akanyamaza. Alifungua macho akaitazama redio, mdomo wazi.

Mimi nilielewa mara moja. Sisi tulituma kilio chake Kasese. Kilio kilifika, baba akakiita jina, kikatulia, na sasa kimerudishwa kwetu kikiwa kimepona. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawatazama watu wazima nione wanavyofurahi.

Hawakucheka. Kibanda kizima kilikuwa kimya, na mimi nikadhani ni heshima, kama kanisani wakati wa sala. Sande alikuwa akitazama bisibisi yake. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya redio, polepole, kama mtu anayepima paji la uso la mgonjwa. Ndani, baba alikuwa amerudi kwenye kiti. "Haya. Nilikuwa nasema nini..."

"Sande," mama wa omena akanong'ona, "zima hiyo kitu."

Kabla Sande hajazima, Kukhu alipiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kikali, kilichowashtua punda wa mkokoteni barabarani. Akapiga kingine. Akamwinua mtoto juu, kumwonyesha yeyote aliyetaka kuona. "Ameitwa! Mmesikia nyote? Mwanangu amemwita! Mtoto amepata jina!" Akawatazama mmoja mmoja, fimbo mkononi, mpaka wakaanza kupiga makofi.

Mimi nikatoka mbio. Nilikimbia kando ya foleni ya malori nikipaza sauti kwamba baba amempa mtoto jina, amempa kwa kaseti, anaitwa Egesa. Madereva walinipigia honi. Nilifika hadi kwenye kizuizi cha mpakani nikageuka nikarudi, nikilisema jina kwa kila mtu. Niliporudi kibandani watu walikuwa wameshatawanyika na kwaya ilikuwa ikiimba, maana Sande alisahau kuizima redio.

"Mama, si ujibu?" Sande alikuwa akimwambia mama. "Lile gari la bia linaondoka leo."

"Mimi nimeshajibiwa," mama akasema. Akaichomoa kaseti mwenyewe.

Mdogo wangu aliacha kulia kabisa. Semeni mtakavyo, alinyonya, akalala, akanenepa. Wapo watakaosema ni ile dawa ya Nangina, na sitabishana nao. Kukhu alimwita "mume wangu" kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu aliyebeba jina la mumewe. Mama alimwita Papa, yaani baba. Hakuwahi kumwita Egesa, hata alipokuwa akimtafuta jioni na sauti yake ikisikika hadi mtoni. Watu walimsifu kwa adabu, mkwe mzuri anayelinda jina la baba mkwe. Na mimi nilimsifu.

Siku chache baada ya kaseti kufika nilimkuta shambani. Mtama ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wakishuka kutoka kinamasini kama moshi. Majirani wengine walifunga makopo ya kuwatisha, wengine vitambaa. Mama alikuwa ameketi kwenye tuta, kaseti imepasuliwa kwa jiwe, na alikuwa akivuta utepe wake wa kahawia kwa mikono miwili, taratibu, kama anayechambua utumbo wa mbuzi. Aliufunga kwenye fito, akauvuta hadi fito nyingine, akauzungusha kidogo ili umetamete. Nilimwuliza mama, je, baba atasemaje akikosa kaseti yake? Akanipa ncha nishike.

Upepo ulipopita, utepe ulivuma. Ndege waliinuka wote pamoja.

Nilikaa chini ya utepe ule msimu mzima. Niliamini kwamba sauti haziwezi kuwa zimeisha, zimeondolewa tu kwenye sanduku lao. Upepo wa kutoka Uganda nilidhani ungemleta baba, na upepo wa upande wetu ungemleta mama na mambo ya mtama na ndege. Nilimweka Egesa mapajani, nikamwambia anyamaze tusikilize. Tulisikia ule mvumo tu. Kisha mvua zikaja, utepe ukafifia, ndege wakauzoea. Walikula wakiwa wamekaa juu yake.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha pili, katika bweni, kwa jambo dogo. Rafiki yangu alirekodi nyimbo za redio juu ya kaseti ya dada yake, na dada alipokuja kulalamika nikasimama pale na taulo langu nikiwaza. Sauti mpya inafuta ya zamani. Haziwezi kukaa mbili mahali pamoja. Baba asingeweza kusema juu ya kilio chetu na kilio kikasikika. Mtoto aliyelia alikuwa chumbani pamoja naye. Jina lilikuwa tayari lake, alikuwa amelizoea, ndiyo maana alitulia. Huyo wetu alinyamaza kwa mshangao, kama mtoto yeyote anayesikia mtoto mwenzake akilia mahali asipomwona.

Likizo ilipofika nilimwuliza Kukhu kama alijua. Alikuwa akipepeta mtama, hakuacha.

"Nilimzaa yule. Nisijue akimbembeleza wa hapa au wa kule?"

"Sasa kwa nini ulipiga vigelegele?"

"Ulitaka tumzike bila jina? Baba yako alilitupa hewani mbele ya watu wote. Mimi nikalidaka." Akapuliza makapi. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyelitangaza hadi kwenye kizuizi. Mama yako angelirudisha vipi?"

Baba hakuja kulitoa jina. Madereva walisema yuko Kasese, kisha wakasema amevuka kwenda Kongo, kisha madereva waliomjua wakazeeka. Sande alifunga kibanda simu zilipofika. Kukhu alikufa. Mimi nikashika barabara. Kinamasi kilipandwa mikaratusi kikakauka, ndege wakahama, na mama akaendelea kupanda mtama ambao hakuna aliyekuja kuuiba.

Egesa ndiye aliyebaki. Amekuwa mtu mpana, mwenye kicheko, mwenye fulana iliyoandikwa jina lake mgongoni. Kwenye lango la yadi ameandika EGESA kwa rangi ya bluu, herufi za urefu wa mtoto. Madereva wakiuliza, huwahadithia jinsi alivyolia nusura afe, na jinsi baba yake, kutoka nchi nyingine, alivyomwokoa kwa kumtaja kwenye kaseti. "Mimi nilipewa jina kwa teknolojia kabla yenu nyote," husema. "Baba alikuwa mbali lakini alinijua." Hiyo ndiyo mali aliyoachiwa. Mama alimsikia akiihadithia kwa miaka yote hiyo, akapita na ndoo yake.

Nikiwa Juba, kabla mama hajaugua, nilipata ujumbe wa sauti kutoka namba ya Uganda. Mtu alikuwa ameona picha yangu katika kundi la watu wa Busia mtandaoni. Nilidhani ni tapeli mpaka alipofungua mdomo. Ilikuwa ile sauti yenye mchanga ndani yake.

"Dada Nabwire, samahani kukusumbua. Mimi naitwa Egesa, niko Kasese. Nasikia tunashiriki mzee. Sitaki shamba, sitaki kitu. Mzee alituacha nikiwa bado natambaa, hakurudi. Mama yangu aliniambia siku moja alirekodi kaseti ya kutuma kwenu, nikalia, akanibembeleza hapo hapo. Mimi sauti yake siijui, dada. Kama hiyo kaseti ipo, hata kama imechakaa, naomba tu nisikie."

Sikumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nilikaa chini yake msimu mzima? Kwamba ndege waliisikia kuliko sisi? Alirudia salamu kila baada ya muda, kwa upole, na kila mara nilizima simu kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie.

Jioni ile niliyofika, nikiwa bado nimekaa juu ya begi, nikasikia ule utepe wa yadi ukivuma, nikaona siwezi tena. Mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya uwanja, akielekeza lori lirudi nyuma, akipiga bodi kwa kiganja. Nikawasha simu, ikanikaribisha Uganda tena. Nikatafuta ile namba, nikabonyeza pa kurekodi, nikaweka simu mdomoni kama Sande alivyotufundisha, karibu, bila kelele.

"Egesa," nikasema.

Lori lilikuwa limezimwa wakati huo huo. Mdogo wangu akageuka. "Naam? Unasemaje, dada?"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye simu, na sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Sijakuita wewe."

Alicheka, kile kicheko chake kipana, akiwatazama matanboi wake washuhudie mzaha. "Sasa wewe! Kwani kuna Egesa mwingine?"

Kidole kikaachia. Ujumbe ukaenda. Nikaangalia zile alama mbili za kijivu mpaka zilipogeuka bluu, ujumbe umefunguliwa, na mdogo wangu alikuwa bado amesimama pale kwenye changarawe, anacheka, akisubiri nimjibu.